Shajara ya mradi: watu saba kutoka Dodoma, apatimenti moja Nairobi

Naandika hii kwa sababu tulipoanza kutafuta taarifa za familia ya Dodoma kwenda kukaa Nairobi kwenye nyumba ya kupanga kwa siku chache, tulizozikuta zote ni za watu wanaotua na ndege JKIA wakiwa wawili wawili na vibegi vya mgongoni. Sisi ni saba, tuna bibi mwenye magoti, na tunatokea stendi ya Nanenane kwa basi. Nitakuwa naongeza kila hatua ikikamilika. Bei za Kenya naweka KSh, za kwetu TSh, anayetaka kunakili anakili.

28 Septemba 2024 – Msafara na bajeti

Waliomo: mimi, mume wangu, watoto wetu wawili (miaka 13 na 8), mama yangu mzazi wa Kondoa ambaye humu namwita Bibi kama anavyoitwa na kila mtu, mdogo wangu Salma wa Singida, na Idrisa mtoto wa kaka yangu, ana 16. Tunaondoka shule zikishafungwa, tunalala Nairobi kuanzia Jumamosi tarehe 14 Desemba hadi Ijumaa tarehe 20. Hela ni ya kikoba, tunavunja Novemba, mpaka hapo mume wangu anatanguliza. Tumetenga TSh 3,800,000 kwa kila kitu, nauli mpaka pipi.

Ndege tuliiangalia kwa adabu tu tukaifunga, maana watu saba kutoka Dodoma kupitia Dar halafu Nairobi nauli peke yake ingemaliza mfuko wote kabla hujalala popote. Kuna aliyependekeza tuende na Noah yetu. Inawezekana, unahitaji bima ya COMESA na kibali cha muda cha gari pale forodhani, ila dereva angekuwa mume wangu peke yake njia nzima na kule akaanze tena kupambana na foleni za Nairobi, hiyo siyo likizo. Basi.

Hoteli nayo tulipiga hesabu. Vyumba vitatu vya kawaida kama KSh 6,500 kimoja ni 19,500 kwa usiku, na hapo bado kula, na Bibi akikaa siku tatu bila ugali wa uwele na mlenda anaanza kuulizia basi la kurudi. Kwa hiyo apatimenti ya vyumba vitatu yenye jiko. Sa hivi tunabadilisha kwa karibu 21, yaani KSh 1,000 ni kama TSh 21,000, hesabu zote za mwanzo nimetumia hiyo.

6 Oktoba – Mtaa gani

Hii imetuchukua muda kuliko nilivyodhani, maana ukiangalia bei za usiku peke yake unapelekwa pembeni ya mji. Ruaka na Syokimau kuna nyumba nzuri, kubwa, mpya, bei karibu nusu ya Kilimani. Ila vitu tunavyotaka kuviona viko pande tofauti: makumbusho yako Museum Hill, twiga na tembo yatima wako upande wa Lang'ata na Karen, na mjini kati tunataka watoto waone jengo la KICC. Sisi saba hatuingii kwenye teksi moja ndogo, kila tunapotoka ni gari mbili au gari kubwa la bei ya juu, ukikaa mbali unalipia umbali mara mbili kwenda na mara mbili kurudi. Nilikaa na kalamu nikajumlisha bei ya usiku na teksi za siku, Syokimau ikaipita Kilimani kwa gharama.

Westlands tumeiacha kwa sababu ya kelele, karibu kila nyumba tuliyoipenda wageni waliotangulia wameandika muziki mpaka alfajiri, na wengine wameandika hivyo kama sifa. South B na South C zilinivutia, makazi ya familia, bei ya kati na misikiti iko karibu, lakini nyumba zenye vyumba vitatu kwa tarehe zetu zilikuwa ghorofa za tatu na nne bila lifti. Bibi hapandi. Tumebaki na Kilimani na Kileleshwa.

12 Oktoba – TSh 100,000 imekwenda

Salma alikuwa anatafuta upande wake kwenye kundi moja la mtandaoni la watu wa Afrika Mashariki, akapata nyumba Kileleshwa, vyumba vitatu, bwawa la kuogelea juu ya paa, KSh 4,500 kwa usiku. Mwenye tangazo akamwambia kuna familia nyingine inaitaka, tuma TSh 100,000 ya kushikilia, akatuma. Usiku ndo akatuletea picha kwenye grupu la familia na maneno "nimewapatia hazina".

Mume wangu ni fundi umeme. Bwawa hakuliangalia, aliikuza picha ya sebule akasogea mpaka ukutani nyuma ya kochi, akasema hii soketi ni ya matundu mawili ya duara. Kenya wanatumia soketi kama zetu, pini tatu za bapa, waliachiwa na Mwingereza kama sisi. Tukaipitisha ile picha kwenye Google Lens, kochi lile lile na mchoro ule ule ukutani viko kwenye tangazo la hoteli ya Uturuki. Halafu ndo tukatulia tukaangalia na lingine, namba iliyopokea hela ni ya Tanzania. Nyumba Nairobi, diposi inaingia namba ya Tanzania! Asubuhi jamaa akaomba na nusu ya pili "ya ulinzi", Salma akajibu anavyojua yeye, tukatuma namba ile kwenda 15040 kuripoti utapeli. Hela hatuitegemei kurudi, nimeiweka kwenye hesabu kama ilivyo.

Kuanzia leo sheria ya msafara: hakuna anayetuma kitu nje ya programu ya kupangishia, na kila picha inaangaliwa soketi kwanza.

19 Oktoba – Maswali kabla ya hela

Tulibaki na nyumba nne, zote Kilimani, zote kwenye Airbnb au Booking.com. Niliandika ujumbe mmoja nikawatumia wenyeji wote wanne maneno yale yale. Niliuliza: tupo saba wakiwemo watoto watatu, mnakubali na mnaongeza shilingi ngapi? Ghorofa ya ngapi, na umeme ukikatika lifti inaendelea na jenereta au inasimama? Maji ni ya bomba la mji au kisima, na kuna tenki la akiba? Bafu ni la kusimama chini au beseni la kupanda mguu? Mbele ya jengo kuna ujenzi? Getini wanataka nini kwa mgeni?

Swali la lifti halikuwa la mapambo. Kenya gridi yao ilizima karibu nchi nzima Agosti 2023, ikazima tena Novemba na Desemba mwaka huo, na mwezi uliopita tarehe 6 Septemba imezima tena. Sisi wa Dodoma hatuna la kumcheka mtu kwenye umeme, Aprili mwaka huu tumekaa gizani wenyewe, ila giza ukiwa nyumba ya chini na giza ukiwa ghorofa ya tisa na mama wa miaka 71 ni mambo mawili tofauti.

Majibu yalinifundisha kuliko picha. Wa kwanza alijibu "karibuni sana, everything is okay", hakuna hata swali moja lililojibiwa. Wa pili alisema saba siyo shida, msiandike tu, andikeni watano, nikamwacha hapo hapo kwa sababu anayekufundisha kudanganya programu akikugeuka huna pa kushtaki. Wa tatu alitaka tumlipe pembeni atupunguzie asilimia kumi. Wa nne, mama mmoja, alijibu swali kwa swali, akasema kisima kina chumvi kidogo hivyo maji ya kunywa mnunue, akasema kuna ujenzi kiwanja cha jirani unaanza saa mbili asubuhi Jumatatu hadi Jumamosi, akatuma na video fupi ya lifti ikitembea jengo likiwa kwenye jenereta. Nyumba yake siyo nzuri kuliko za wengine, makochi yamechoka. Tumechukua ya kwake.

Bei: KSh 9,500 kwa usiku ikiwa imejumlisha mtu wa saba, usiku sita ni 57,000, usafi 3,000, ada ya programu 8,500. Jumla 68,500. Angalieni hapo vizuri, tangazo linakuonyesha 9,500 ila mwisho wa siku kila usiku unatoka zaidi ya 11,400. Nyumba moja tuliyoiacha ilikuwa 8,200 kwa usiku lakini usafi wake 9,000, ukigawa zinakaribiana.

21 Oktoba – Kadi imegoma

Kadi ya benki ya mume wangu ilikataa. Tukajaribu tena, ikakataa, na kila ikikataa programu inatishia kuiachia nyumba. Kumbe kadi nyingi za kwetu malipo ya mtandaoni yamefungwa mpaka uombe yafunguliwe, na hata yakifunguliwa kuna kikomo cha siku. Alienda tawini Jumatatu asubuhi, akajaza fomu, wakafungua, jioni ikapita. Kama unapanga kulipa wikendi shughulikia hili Ijumaa.

Tulichagua kulipa nusu sasa na nusu tarehe 10 Desemba. Nusu ya kwanza KSh 34,250 imekatwa TSh 739,800, yaani benki imetupigia 21.6, juu ya ile 21 yangu ya kwenye daftari.

9 Novemba – Karatasi za watu saba

Raia wa Tanzania hahitaji ile eTA, kibali cha mtandaoni cha kuingia nchini ambacho Kenya walianza Januari 2024, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimeondolewa, kwa hiyo ukiona tovuti inakuambia lipa ifunge. Unachohitaji ni hati ya kusafiria. Mimi, mume wangu na Salma tuna pasipoti. Pasipoti mpya ni TSh 150,000 kwa kichwa, na Bibi alisema wazi yeye Nairobi anaenda mara hii moja tu, kwa hiyo Bibi na watoto wetu wawili tumewachukulia hati ya dharura ya safari, ada yake ni ndogo ukilinganisha na pasipoti. Idrisa kaka yangu amemlipia pasipoti kabisa, anasema kijana ataihitaji, basi kwenye hesabu yangu hiyo haimo.

Kwa Idrisa kulikuwa na la ziada. Anasafiri bila baba wala mama, kwa hiyo tumeandikisha barua ya ridhaa ya wazazi kwa mwanasheria, ina mhuri, tumeambatisha nakala ya cheti chake cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi. Mpakani unaweza usiulizwe, lakini mtoto wa watu hubebi hivi hivi.

Kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Watu wengi wanadhani ni ya kuingilia Kenya, sisi tulishauriwa tuiogope zaidi wakati wa kurudi, maana Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano na kwetu wanaikagua kwa anayetoka huko. Cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na kikishafanya kazi ni cha maisha. Kwa hiyo Bibi amechomwa sasa, kabla mvua hazijakolea na kabla hajaanza kutafuta sababu za kuahirisha shambani. Aliuliza kama homa ya manjano inajali wazee, nesi akamwambia inajali zaidi, akanyoosha mkono.

Hati za dharura, barua, picha, nakala, sindano na nauli za Bibi kuja mjini: TSh 246,000.

30 Novemba – Tiketi, na shida ya Wachaga

Wanaojua Desemba wanajua. Kila basi la kwenda kaskazini kuanzia katikati ya mwezi limejaa watu wanaorudi Moshi kula Krismasi. Basi tulilolitaka la Ijumaa tarehe 13 lilikuwa na viti vinne. Tumegawanyika, wanne basi la saa 12 asubuhi, watatu la nyuma yake, kampuni nyingine. TSh 29,000 kwa kichwa Dodoma–Arusha. Kurudi tarehe 21 ni raha tupu, tunaenda kinyume na watu wote, nafasi kibao.

Bibi tunamchukua njiani Kondoa. Barabara ya Babati ilipokuwa ya vumbi hii safari usingeiwaza, mvua ikinyesha unalala Kolo, tangu lami ikamilike 2018 unapita Kondoa asubuhi na Arusha unafika mapema mchana. Tumemlipia kiti chake kuanzia Dodoma ili kisiuzwe.

Arusha–Nairobi kuna mabasi madogo yanayoondoka asubuhi na mchana, TSh 40,000 kwa kichwa, tumeshika viti saba kwa simu.

Na kitu kimoja cha Nairobi kimewekwa leo: tembo yatima wa Sheldrick. Wanafungua kwa wageni saa moja tu kwa siku, saa 5 asubuhi hadi saa 6 mchana, na lazima uweke nafasi mapema mtandaoni. Siku tuliyoitaka ilikuwa imejaa, tumepata Jumatano tarehe 18. Mwenye safari ya Desemba aanze na hili kabla hajapanga siku nyingine.

11 Desemba – Shilingi imetusaidia

Nusu ya pili imekatwa jana. KSh 34,250 ile ile, safari hii TSh 674,700. Shilingi yetu imepanda sana wiki hizi, tumeokoa kama TSh 65,000 bila kufanya chochote. Baba wa nyumba sasa anaongea kama gavana wa Benki Kuu.

Mizigo: unga wa uwele kilo mbili, mlenda mkavu, ubuyu kwa ajili ya watoto wa mwenyeji. Mifuko ya plastiki ya kubebea msichukue kabisa, Kenya wamepiga marufuku tangu 2017 na sisi 2019, kila kitu kimeingia kwenye mifuko ya kitambaa. Adapta za soketi hamhitaji, mnajua kwa nini.

14 Desemba – Namanga fresh, getini balaa

Namanga, pale mpakani, nilikuwa naiogopa bure. Tangu wafungue kituo cha pamoja 2018, ukitoka Tanzania unagonga mihuri yote miwili kwenye jengo moja, dirisha la kwetu halafu la Kenya. Barua ya Idrisa iliombwa kweli, afisa aliisoma mpaka mwisho, akamuuliza kijana jina la baba yake, tukapita. Pesa tulibadilisha dukani ndani, hao wanaokufuata na mabunda mkononi achaneni nao. Upande wa Kenya mume wangu akasajili laini ya Safaricom kwa pasipoti, wakala akatuwekea M-Pesa. Hiyo laini ifanyeni kitu cha kwanza, Nairobi kila mahali ni namba ya kulipia, mpaka muuza mahindi.

Shida ilikuwa nyumbani penyewe. Tumefika Kilimani saa 10 jioni, gari mbili, mizigo chini, askari wa getini anasema hana majina yetu. Mwenyeji alikuwa ametuambia getini wanataka vitambulisho, alichosahau ni kwamba uongozi wa jengo unataka orodha ya wageni ipelekwe siku moja kabla, na ofisi yao Jumamosi inafungwa mchana. Simu ya mwenyeji ikawa haipatikani. Bibi amekaa juu ya sanduku barabarani, pikipiki zinapita, ananiuliza kwa Kirangi kama tumefukuzwa.

Kilichotutoa: mume wangu alimwonyesha askari uthibitisho wa malipo kwenye simu, wenye namba ya nyumba na majina, akamwomba ampigie msimamizi wa jengo badala ya mwenyeji. Msimamizi akashuka mwenyewe, akapiga picha hati zetu, tukaingia. Mwenyeji alipiga baadaye akaomba radhi, alikuwa kwenye mazishi. Kwa hiyo ongezeni kwenye yale maswali yangu: namba ya simu ya msimamizi wa jengo, na uhakika kwamba orodha imeshafika getini.

17 Desemba – Ndani ya nyumba

Lifti inafanya kazi. Jana usiku umeme ulikatika tukiwa ndani ya lifti, giza, kama sekunde kumi hivi, Bibi akaanza kusoma dua kwa sauti, jenereta likawaka tukaendelea kupanda. Tangu hapo anashuka mara moja kwa siku tu, akishashuka ameshuka.

Maji yana chumvi kama alivyosema mwenyeji. Salma alitema chai ya kwanza, Bibi akainywa akasema haya ni ya Makutupora, visima vya kwetu Dodoma, kuna ajabu gani. Tumenunua dumu la lita 20 la kunywa na kupikia chai.

Jiko ndo lilitupiga. Tangazo lilisema jiko kamili, na kwa mtu anayekaanga mayai mawili ni kamili kweli. Sufuria kubwa kuliko zote inaingia labda lita mbili, mwiko wa mbao hakuna, kuna kijiko kile cha plastiki cheusi cha kugeuzia chapati. Salma alijaribu kusongea ugali kwa kile kijiko, kikapinda katikati kama ulimi, ugali ukabaki na mabuja, watoto wakala mkate. Kesho yake tumenunua supamaketi ya Naivas sufuria ya lita saba na mwiko, KSh 2,350 vyote, tunarudi navyo Dodoma. Ombeni picha ya sufuria, siyo picha ya jiko.

Baada ya hapo mambo yamenyooka. Asubuhi chai na viazi vitamu, mchana tunakula huko tulipo au tunabeba, jioni ugali na sukuma wiki na nyama. Siku moja tulikula wote nje mjini, bili KSh 6,900, ndo nikaelewa jiko linatuokolea kiasi gani, maana pesa ile tunapikia siku mbili na kubaki.

Viingilio: bebeni hati zenu hata kama mnatoka kidogo. Makumbusho yana bei ya Mkenya, bei ya raia wa Afrika Mashariki na bei ya mgeni wa mbali, bila hati mnaweza kuhesabiwa wa mbali. Mifupa ya yule kijana wa Turkana iliyopatikana 1984 imemshika mwanangu wa miaka 8 kuliko twiga, anauliza mbona ni mdogo kama yeye. Kwa Hifadhi ya Nairobi hatukukodi gari, tulitembea Safari Walk pale lango la Lang'ata, njia ya mbao ya kutembea kwa miguu, Bibi aliimaliza kwa kupumzika pumzika.

Mafundi wa kiwanja cha jirani ni waaminifu sana. Saa mbili kamili.

22 Desemba – Hesabu

Tumerudi jana usiku. Kadi za njano ziliombwa Namanga wakati wa kurudi, zote saba, basi zima likasubiri abiria mmoja ambaye hakuwa nayo.

Nyumba TSh 1,414,500. Mabasi kwenda na kurudi, Dodoma–Arusha 406,000 na Arusha–Nairobi 560,000. Arusha tulilala kwa ndugu Njiro, kwenda na kurudi, tukaacha ya sokoni 100,000. Chakula chote Nairobi pamoja na sufuria KSh 31,400, teksi KSh 14,800, viingilio KSh 13,500. Hizi za Kenya tulizibadilisha kwa karibu 19 zinakuja TSh 1,134,300. Karatasi na sindano 246,000. Tapeli 100,000. Jumla TSh 3,960,800, tumepitiliza bajeti kwa 160,800, na ukiangalia vizuri sehemu kubwa ya hiyo ni laki moja ya lile bwawa la Uturuki.

Diposi ya vitu KSh 5,000 ambayo mwenyeji aliishika tulipofika ameirudisha leo asubuhi kutoka M-Pesa yake kwenda Vodacom ya mume wangu, imekatwa ada kidogo, nzima nzima haikufika. Sikuihesabu juu kwa sababu nilijua itarudi.

Wifi yangu wa Manyoni anataka kwenda Aprili na watu watano. Nimemtumia ule ujumbe wa maswali na namba ya mwenyeji, nimeongeza chini: msimamizi wa jengo, orodha getini, picha ya sufuria. Yeye hana mtu wa magoti, nimemwambia aangalie South C, ghorofa ya tatu ataipata kwa bei nzuri. Mwiko na sufuria yetu anaweza kuazima.